Mtoto Asiyeulizwa

Siku ya kwanza ya Angelina kazini, mkeka mmoja ulikutwa umelowa.

Watoto walikuwa wameamka kutoka usingizi wa mchana na kukimbilia nje kunawa nyuso. Angelina alikuwa ndani akikunja mikeka, kama alivyoonyeshwa asubuhi. Alipofika kona ya nyuma akasimama.

"Mwalimu, hapa kalala nani? Umelowa chapachapa."

Mwalimu Paskalia hakuwa na haja ya kwenda kutazama. Mkeka ule ulitandikwa kila siku, na hakuna mtoto wa kijiji cha Lusangwe aliyewahi kulazwa juu yake.

"Paa linavuja," akajibu.

Mvua ilikuwa na wiki mbili haijanyesha. Angelina akatazama bati, akatazama mkeka, kisha akaunusa. Haukunuka mkojo. Ulinuka maji yaliyolala muda mrefu chini ya jiwe. Lakini alikuwa mgeni, tena mwenye adabu, akaubeba kwenda kuuanika juani.

Paskalia angemwambia palepale. Kilichomfunga mdomo ni Ndugu Stephano, katibu wa tawi, aliyekuja kushuhudia mwalimu mpya wa shule ya vidudu anavyoelekezwa kazi, na sasa alikuwa amejimwaga kwenye benchi la mlangoni na kikombe cha uji wa watoto mkononi. Mwaka ule wa sabini na tano Katibu alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia neno jini au mzimu, anaitisha mkutano. Mwezi uliopita tu alimsimamisha mzee mzima mbele ya kijiji, akamlazimisha kuomba radhi kwa kufunga hirizi kwenye migomba yake. Paskalia alikuwa mjane asiye na mtoto, na kituo kile ndicho kilichomtoa kitandani kila asubuhi. Akauogopa mkutano wa Katibu kuliko alivyopaswa.

Basi akamwelekeza Angelina mengine yote. Uji uchemke mpaka karanga zilizotwangwa zitoe mafuta juu. Anayekohoa alale karibu na mlango. Na jioni mtoto yeyote asitoke mpaka aliyemfuata asimame kizingitini, mwalimu aulize, "Huyu wa nani?" naye ajibu kwa kutaja ukoo wa mama wa mtoto, maana milimani huku mtoto ni wa upande wa mama.

Angelina akacheka kidogo. "Kwenye kozi kule mjini walitufundisha kwamba watoto wote ni wetu, mwalimu. Hakuna cha mtoto wa fulani."

"Umesikia maneno hayo!" Katibu akadakia, akapiga paja. "Huyu ndiye mwalimu."

Lililobaki bila kusemwa ni hili. Kituo kilijengwa kwa nguvu za kujitolea ukingoni mwa msitu wa tambiko, mahali ambapo hakuna ukoo uliothubutu kulima. Tangu mwaka wa kwanza, siku moja moja, watoto wote wakishachukuliwa, hubaki mmoja. Hukaa kona ya nyuma amegeukia ukuta, nywele zinamchuruzika maji. Mzee mmoja wa pale, ambaye sasa alikuwa kaburini, alimwambia Paskalia: mtandikie mkeka wake, usimuulize ni wa nani, na akikuuliza yeye usijibu. Funga mlango, nenda zako. Miaka minne Paskalia alifunga mlango akaenda zake, mgongo umekufa ganzi, na kila kulipokucha kona ilikuwa tupu.

Siku ya tatu karanga zikaisha. Magunia kutoka Gairo yalikuwa yameteremshwa chini ya mlima, na Paskalia ilimpasa kushuka na wabebaji. Akamwambia Katibu kwamba siku hiyo kituo kifungwe.

"Kifungwe kwa nini, na mwalimu mpya yupo? Au hujamwonyesha kila kitu?"

"Nimemwonyesha kila kitu, Ndugu Katibu."

Alisema uongo huo huku anamtazama Felista, binti wa Angelina mwenye miaka minne, aliyekuja na mama yake kutoka Dumila. Felista alikuwa msemaji ajabu. Alikuwa akimweleza mbuzi wa jirani habari za treni. Paskalia akajipa moyo kwamba yule wa kona hutokea siku moja moja tu, akashika njia ya kuteremka.

Kesho yake asubuhi Angelina alimpokea mlangoni na macho mekundu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Felista yuko wapi?"

"Yupo ndani. Mwalimu, Felista hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi chochote. Tangu jana jioni. Jana alibaki mtoto mmoja ambaye jina lake sikuliona daftarini. Nikamuuliza, wewe wa nani? Hakugeuka. Akaniuliza yeye, mimi wa nani? Kwa sauti nyembamba, mwalimu, nikamwonea huruma. Nikamwambia, wewe ni wangu, twende nyumbani ukale. Tukaongozana sote watatu. Nilipofungua mlango wa nyumba nikageuka, simwoni. Nikadhani mama yake kamkuta njiani. Nikamwita Felista, akanitazama tu."

Paskalia alishika mwimo wa mlango. Hapo ndipo ilipompasa kusema, na hapo pia hakusema. Alimwambia labda ni koo, akamwagiza achemshe majani ya mchaichai, na moyoni alijichukia kwa kila jani alilolitaja.

Siku ya pili Felista akakataa chakula. Walimpeleka zahanati ya misheni, sista akampima, akasema mtoto hana homa, tena ni wa baridi kupita kiasi, wampe vitu vya moto. Siku ya nne miguu ikakataa kumbeba. Angelina alimbeba mgongoni siku nzima akipika uji, akiosha vikombe, akifundisha watoto wa wenzake kuhesabu kwa mbegu, na kila mara alikuwa anageuza shingo kumwambia neno ili apate hata mguno.

Mchana wa siku ya tano ukungu ukateremka kutoka mlimani ukaingia hadi ndani, mweupe, mzito, na watoto walipolala kukawa kimya cha kukera masikio. Angelina alikuwa amekaa sakafuni, Felista kichwa mapajani. Paskalia alikuwa jikoni akisikiliza, na alichokisikia kwanza ni nyayo mbichi kwenye saruji, pwata, pwata, bila haraka, zikitoka kona ya nyuma na kupita katikati ya mikeka, zikisimama kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, na ile harufu ya maji ya chini ya jiwe ikaja mbele yake ikaujaza mdomo wake mpaka akahisi ladha ya kutu kwenye ulimi, kisha nyayo zikasimama pale alipokaa Angelina, na sauti ya Felista, sauti ileile ya habari za treni na mbuzi, ikasema kwa furaha, "Mama, mimi nimeshapona, mtoe huyo mapajani nikae mimi."

Angelina alipiga ukelele ulioamsha chumba kizima. Felista alikuwa mapajani pake, midomo imefungana.

Jioni ile Paskalia aliwapeleka Angelina na Felista kwa mzee Mwinjuma, mganga mwenye asili ya Kisaki aliyehamia chini ya mlima, wakipokezana mtoto njiani. Mzee alifukiza ubani, akamwekea Felista kiganja kifuani, akanong'ona aya kwa muda mrefu. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni ukawazunguka.

"Wewe ni nani?" mzee akauliza.

"Wa kwake," ikajibu sauti ya Felista kutoka pembeni pasipo na mtu. "Alisema mwenyewe. Mama hawezi kuwa na wawili na mimi nilale nje."

"Si wangu!" Angelina alilia. "Si wangu, si wangu, nenda zako!"

Kitu kilicheka taratibu. Felista akatetemeka, ncha za vidole zikageuka rangi. Mzee Mwinjuma akamziba Angelina mdomo kwa upole.

"Usirudie, binti yangu. Unamwongezea njaa." Akageuka kwa Paskalia, na sauti yake ikawa ya chini sana. "Huyu hakutumwa na mtu, ningemrudisha kwa aliyemtuma. Hakuja kwa kafara, ningempa nyingine. Huyu kakubaliwa kwa kinywa. Atamwacha mtoto akikubaliwa na kinywa kingine, cha mtu anayemtaka kwa moyo. Ukisema kwa kulazimishwa atajua."

"Na huyo atakayesema, yatamkuta nini?"

"Mama, wenye njaa hii hula sauti kwanza, kisha joto, wala hawashibi kwa mmoja. Mimi nafukuza. Sijui kuishi nao."

Wakapanda mlima. Penye jiwe la kupumzikia Paskalia akatua kurunzi, akasema yote: kona, mkeka, maneno ya yule mzee, Katibu kwenye benchi, na ule uongo. Hakujitetea hata kidogo.

Angelina alimsikiliza mpaka mwisho. "Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukanipa majani ya mchaichai." Alikuwa hapigi kelele, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Ulinifundisha kuosha vikombe mara mbili, mwalimu. Hili ulishindwa?"

"Niliogopa kuchekwa, mwanangu. Sina lingine la kukuambia."

Angelina akampokonya mtoto akatangulia, gizani, bila taa.

Kesho yake watoto walipokwisha kuchukuliwa, Paskalia alimwomba Angelina asimame kizingitini na Felista mikononi. Mtoto alikuwa mwepesi, macho nusu wazi, pumzi mojamoja. Kwenye kona ya nyuma palikuwa na yule mwingine, ameketi amegeukia ukuta, maji yanamchuruzika shingoni.

Paskalia alikuwa amekesha akijiuliza atamtakaje kwa moyo kitu anachokiogopa hivyo. Akautazama ule mgongo mdogo. Akakumbuka miaka kumi na minane ya ndoa, mimba tatu zilizoharibika, na ukoo wake ambao ungekoma kwake. Akakumbuka jinsi alivyomfungia mlango mara nyingi hata hazihesabiki, na akaona aibu, na mwisho wa aibu ile akakuta kwamba si uongo tena, anamtaka, Mungu amsamehe, anamtaka.

"Wewe ni wangu," akasema. "Mimi sina mwingine. Twende nyumbani."

Mkono wa baridi ukaingia katika wake. Nyuma yake, kizingitini, Felista akakohoa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama, nina njaa." Angelina akaanza kulia kwa kelele. Paskalia hakugeuka. Alitokea mlango wa jikoni.

Siku sita Paskalia hakuonekana kituoni. Siku ya saba, saa za asubuhi, alikuwa amekaa kwenye jamvi chumbani kwake, hawezi kutafuna, hawezi kujipasha joto, na sauti ilikuwa imeshamtoka tangu siku ya pili, aliposikia hodi.

"Hodi, mwalimu. Ni mimi, Angelina. Nimekuja na Felista. Nimekuletea maharage."

"Karibu, mwanangu," ikajibu sauti ya Mwalimu Paskalia kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti yake hasa, na ule mkwaruzo wake wa uzee. "Nina mafua, nisikuambukize wewe. Lakini mwache Felista ashinde na mimi. Mlango umerudishwa tu, mwambie aingie."

"Nilikuwa na hasira na wewe, mwalimu."

"Yamekwisha hayo. Mlete mtoto."

"Haya, Felista, ingia ukamwamkie bibi."

Paskalia alijaribu kupiga kelele na hakuna kilichotoka. Akaanguka kifudifudi, akajivuta kwa viwiko, jamvi likimfuata, pazia likacheza pembeni yake, na ile sauti ikaendelea kubembeleza kwa maneno matamu ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtoto yeyote maishani mwake, njoo bibi akupe muwa, njoo tucheze, na mlango ukaanza kusukumwa kwa nje na kiganja kidogo, naye akaufikia, akamsukuma Felista kifuani kwa nguvu zote zilizombakia hata mtoto akaangukia mikononi mwa mama yake.

Angelina alimwona chini pale, mdomo wazi, midomo inahangaika bila mlio. Na palepale akasikia kutoka ndani, "Mbona hamuingii?"

Maharage yakamwagika. Paskalia akanyoosha mkono kuonyesha njia ya kuteremka mlima, akaonyesha tena na tena. Angelina alimfunga mtoto mgongoni. Akapiga goti mara moja na kukimbia.

Paskalia alibaki kizingitini mpaka waliposhuka kwenye matuta ya viazi, akamsikia kwa mbali Felista akiuliza kwa nini wanakimbia, kwa nini bibi hasemi, kwa nini maharage yameachwa. Aliposikia kwamba maswali yamekwisha kwa sababu ya umbali, akajivuta ndani na kufunga mlango kwa komeo.

"Mama," sauti yake mwenyewe ikamwambia kutoka gizani, "basi tumebaki sisi."