Roboti Alisamehe, Mimi Nina Pini Mdomoni

Pini zilinijaa mdomoni, ndiyo maana sikupiga yowe!

Nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, mchumba wangu alikuwa ananong'ona maneno yale yale aliyoniambia mimi juzi. Neno kwa neno, jamani!

Anayenong'onezwa? Msusi wa duka la jirani. Mteja wangu! Nilikuwa namshonea gauni la kuvishwa pete...

Kumbe mvishaji ni mtu wangu!

Mnaijua ile katuni ya Kijapani, ya roboti wa kike na fundi aliyemtengeneza? Mchumba wangu ni fundi simu, na alikuwa haambiwi kitu kwa katuni ile. Kila jioni tunaitazama, kila jioni namharibia utamu.

"Sasa hivi mvua itanyesha."

"Umejuaje?"

"Kila akikosea inanyesha. Atapiga goti, atauweka mkono wa roboti kifuani, atasema kinachodunda humu ni chako. Roboti atadondosha chozi la mafuta, atasamehe."

"Wewe mwanamke huna mapenzi!"

Na inakuwa hivyo hivyo. Kila kipande!

Basi siku ile nikazitemea pini kiganjani, nikatulia. Alipochomoka kwa mlango wa nyuma, nikaingia kwa msusi, nikashika kiuno cha gauni.

"Huyo kaka ni nani wako, dada?"

"Mchumba! Ana maneno huyo... nalainika kama sabuni."

"Maneno gani?"

Akaanza kuyasema. Nikayamalizia mimi.

Akanitazama kwenye kioo. Chozi likamtoka, akalifuta.

"Tunamfanyaje?"

Jumamosi wakaja kwetu kupanga harusi. Mama yake, wajomba zake, na shangazi yangu na mdomo wake. Nikasimama.

"Wazee wangu, mnisamehe. Huyu ana mchumba mwingine. Msusi, karibu ndani!"

Akaingia na gauni lake. Fundi simu jasho likamtoka!

"Shangazi, tazama. Sasa atapiga goti."

Akapiga goti!

"Atanishika mkono."

Akaushika! Shangazi akacheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Mpenzi, kinachodunda humu ni chako..."

"...na kikizima, jina lako ndilo litakaloniwasha!" Tukammalizia kwa pamoja, mimi na msusi.

Lakini jamani... sauti zilikuwa tatu.

Nikageuka. Mlangoni pa jikoni, mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja, sinia la vikombe mkononi, mdomo bado wazi. Mdogo wangu haangalii katuni. Hana hata simu!

Sinia likaanguka.

Mimi ninayejua kila kipande kinaishaje... hicho sikukiona.

Fundi simu alitolewa na mama yake, kashikwa sikio. Siku hizi duka lake linatembelewa na nzi tu. Msusi ana wateja wengi, na kila kichwa anachosuka kinaondoka na hadithi nzima. Wanaomponyoka yeye nawasimulia mimi, nikiwa nawapima viuno.

Na mdogo wangu? Jana alinifuata kwenye cherehani. Akapiga goti. Akanishika mkono, akaupeleka kifuani kwake...

Nikauchomoa.

"Umekosea kipande, mdogo wangu. Mimi siyo roboti."

Nikarudisha pini mdomoni, nikaendelea kushona.

Dada zangu, mwanaume akikulainisha kwa maneno, muulize kayatoa wapi. Na ukichoka kumlinda dirishani, geuka... utazame jikoni kwako.