Mstari Usiotoka Kunguru

Juu ya paa moja jijini Mbeya, mtambo wa kamera uitwao Jicho-Anga ulikuwa ukiipiga picha mbingu nzima kwa mpigo mmoja. Ulikuwa msimu wa vimondo vya Kunguru, mvua hafifu ya Juni ambayo hata wanaanga huisahau. Mhandisi Atupele alikuwa ameuwekea mtambo wake kifutio: kila mstari wa mwanga usiochomoka upande wa kundinyota la Kunguru uliondolewa, na pengo lake likajazwa nyota za bandia. Picha ghafi haikuhifadhiwa. Watu walipenda mbingu safi, naye, tusimfiche, alipenda sifa.

Simu ikaita chumbani chini ya paa. Gwamaka, fundi wake, alisikiliza, kisha akamgeukia Atupele.

"Dada, chombo cha Sekela kimepotea njia. Redio imekufa. Waongozaji wake wanauliza kama tumekiona kikishuka."

Sekela, mdogo wake Gwamaka, alikuwa mfagiaji wa takataka za angani, na jioni hiyo alikuwa akirejea nyumbani. Hewa ya chomboni isingemfikisha usiku wa manane.

"Jicho, umefuta nini?" Atupele aliuliza.

"Mstari mmoja. Haukutoka Kunguru," mtambo ukajibu kwa upole.

"Ulielekea wapi?"

"Sihifadhi uchafu."

Gwamaka alimtazama, na mtazamo huo ulimuuma Atupele kuliko tusi. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini sakafu hubaki na unyevu.

"Nyota za bandia!" Atupele alisema ghafla. "Lete picha ya jana, tuilinganishe na ya leo. Nyota za kweli zimo katika zote mbili, zitafutana; zibaki za uongo."

Kiooni pakabaki michirizi ya vimondo, na mkanda mwembamba wa nyota zisizokuwepo, ukishukia bonde la Usangu. Gwamaka akalitaja bonde hilo kwa kelele kwenye simu. Wakasubiri. Atupele aliomba Mungu kwa sauti, yeye aliyezoea kuomba mashine tu.

"Yuko hai! Wamemtoa, anaongea!"

Gwamaka alilia bila kujificha. Kisha akajifuta uso, akasimama mbele ya picha ya ukutani, ile ya mwaka juzi iliyompa Atupele medali.

"Usiku wa picha hii ndipo alipopotea Kissa, mfagiaji mwenzake Sekela. Walimtafuta milimani wiki nzima."

"Najua."

"Na hii tuilinganishe na ya jana, dada?"

Atupele alitamani kukataa. Akabonyeza.

Mkanda ulikuwepo, ukishukia Ziwa Rukwa. Huko hakuna aliyewahi kumtafuta.