Maneno Tisa ya Debora

Siku ile mvua ilipoanza, ndani ya nyumba ya vyumba viwili kule Malangali walikuwamo watu wanne: Edwin, fundi wa mashine ya kusaga, mkewe Gaudiosa, binti yao Debora, mwenye mwaka mmoja na miezi saba, na jirani yao Bertila, aliyekuja kurudisha sufuria akazuiwa na mvua. Wanne tu, labda na kuku waliojibanza chini ya meza.

Bertila hakurudisha sufuria tupu. Alikuwa ametia humo maharage mabichi, tayari yamemenywa, kwa sababu alijua vidole vya Gaudiosa vimepasuka kwa baridi. Aliiweka tu mezani. Gaudiosa aliona, akaliweka moyoni.

Debora alikuwa na maneno tisa. Mama yake aliyajua yote, kama mtu anavyojua vifaranga vyake: mama, baba, maji, uji, kuku, nyau, bai, atu, yaani viatu, na pana, yaani hapana. Pana ndilo alilopenda kuliko yote.

Edwin alikaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, simu mkononi. Jumapili ilikuwa siku yake ya gemu. Alikuwa akicheza gemu ya mapigano ya mtandaoni, yeye na rafiki yake Christopha wa Kasanga, kila mmoja kwake lakini wanasikilizana. Humo ndani Edwin alikuwa mwanamke mrefu mwenye upanga na nywele nyeupe, na kila akimkata adui, mwanamke yule alifoka kwa Kiingereza.

"Huyo dada yako naye," Gaudiosa akasema. "Hatujui hata kama anatukana au anasali."

"Anasema, Edwin weka simu chini, kateke maji," Bertila akatafsiri.

Edwin akacheka. "Lugha yake inabadilishwa, mama Debo. Ngoja niwatafutie ya kuwafurahisha."

Akaingia kwenye mipangilio, penye sauti za wahusika. Kiingereza. Kijapani. Kichina. Kikorea. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja zaidi, usio na jina.

"Huu haukuwepo jana," akasema, na kidole chake kikaugusa.

Kikatokea kile kimstari cha kupakua. Asilimia sifuri. Edwin akakunja uso, maana bando lake lilikuwa limekwisha tangu asubuhi. Mwanamke wa gemu akashusha upanga, akageuka, akawatazama. Kisha akabisha hodi kwa Kifipa, kile kizito ambacho Gaudiosa alikisikia kwa bibi yake tu, zamani, kabla hajazikwa.

Gaudiosa alikuwa mtu wa kusalimia. Alilelewa hivyo. Akisikia sauti ya mtu mzima, hata nyuma ya ukuta, magoti yake hukunjika kabla hajafikiri. Basi akapiga goti, akapiga makofi taratibu kama wafanyavyo kwao, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu, sasa kwa Kiswahili. "Mko watano?"

Bertila alicheka mpaka akashika mbavu. "Simu hii imekimbia hesabu shuleni!"

"Tuko wanne, mama," Gaudiosa akasema.

"Watano," sauti ikasema kwa upole.

Hapo ndipo walipoisikia harufu, harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Edwin akatazama jiko. Mkaa ulikuwa unawaka vizuri.

Asubuhi ya Jumatatu Debora alikinyooshea kidole kikombe, akafungua mdomo, akakaa hivyo. "Sema maji," mama yake akamwambia. Mtoto akamtazama kama mtu anayetafuta kitu mfukoni asikipate. Mchana, Edwin aliporudi kula, simu ikasema yenyewe mezani, kwa sauti ya Debora, ile nyembamba yenye mate kidogo: "Maji." Kimstari kilikuwa kimefika asilimia kumi na moja.

Jumanne likaondoka uji. Jumatano kuku. Edwin alirudisha Kiingereza, mwanamke wa gemu akaendelea na lugha yake. Akaifuta gemu, baada ya kula ikawa imerudi. Akaizima simu na kuitumbukiza kwenye debe la ulezi, nao wakasikia humo, chini ya nafaka, kitu kikijisomea taratibu, maji, uji, kuku, maji, uji, kuku, kama mtoto anayefanyishwa mazoezi.

Ijumaa Christopha alipiga simu ya mwenye mashine akimtafuta Edwin. "Mshikaji, mwondoe mtoto kwenye gemu. Toka juzi uko hewani saa zote na namsikia anaita nyau. Na yule bibi anayemfundisha ni nani? Mwambie asiniulize nyumbani kwetu tuko wangapi."

"Ulimjibu?" Edwin aliuliza kwa kunong'ona.

"Nimjibu, kwani nina wazimu? Nilizima."

Ilipofika Jumatatu ya pili, Debora alikuwa amebakiwa na neno moja. Hata pana lilikuwa limekwenda; ukimvisha kofia asiyoitaka, alitikisa kichwa tu, machozi yakimtoka bila sauti. Asilimia themanini na nane. Edwin akachukua nyundo.

Bertila akamshika mkono. "Baba Debo, ukiivunja, na maneno ya mtoto je? Si yamo humo?"

Ni Bertila aliyekwenda kumtafuta Sayi, mama wa Kisukuma, mfugaji, anayekaa nje ya mji. Wengi walimjua kwa dawa za ng'ombe. Wachache walimjua kwa mambo mengine. Alifika Jumanne mchana, buti za mpira miguuni na koti la kiume juu ya kanga, akaingia bila hodi, akakaa bila salamu.

Gaudiosa alipofungua mdomo kumwamkia, Sayi aliinua kiganja. "Nyamaza kwanza. Nani alimpa shikamoo?"

"Mimi, mama."

"Ndiyo. Huyo hakuwa na kwao. Wewe ukampa ukubwa wa nyumba hii, kwa goti na makofi. Sasa anaomba kama mkubwa, na mtoto anatoa kama mtoto."

"Niliona ni adabu tu," Gaudiosa akasema, na machozi yakaanza.

"Ni adabu, mwanangu. Ndiyo maana alikuja kwako." Sayi akasema hivyo bila ukali, akamfuta shavu kwa pindo la koti. "Sasa sikiliza. Ataita. Usiitike mpaka jua lizame. Mkubwa anayeita asiitikiwe si mkubwa tena, ataondoka. Ukiitika hata mara moja, hilo neno la mwisho ni lake, na mtoto atakuwa bubu."

"Ataniita kwa sauti gani?"

Sayi akamtazama Debora. "Kwa ile aliyoichukua."

"Na mwanangu mwenyewe akiniita?"

"Utajuaje kuwa ni yeye?"

Gaudiosa akaomba Bertila ampeleke mtoto kwake. Sayi akakataa: maneno yakirudi lazima yamkute mwenyewe nyumbani. Edwin atamshika. Yeye Gaudiosa atakaa uso ukutani, maana jicho nalo huitika.

Ilikuwa saa tisa. Gaudiosa akakaa mkekani, akautazama ufa mmoja wa ukuta, akajifunga kanga mdomoni.

"Mama," simu ikaita mezani.

Akanyamaza.

"Mama." Sasa ilikuwa mlangoni. "Mama." Ilikuwa darini, kwenye bati, ingawa mvua haikunyesha wala paka hakuwapo. Harufu ya majivu yenye maji ikapanda mpaka macho yakawasha. Kisha akaita Debora, au kitu chenye sauti ya Debora, kutoka mikononi mwa Edwin, kwanza kwa kuuliza, jinsi mtoto anavyoita akiamka, halafu kwa kulalamika, halafu kwa kilio kile ambacho mwili wa mama hukijibu wenyewe, mpaka maziwa yakamtoka Gaudiosa yakalowesha blauzi, naye akaubana ufa ule kwa macho, akajiambia si yeye, si yeye, huku akijua kwamba labda ni yeye, kwamba mtoto hana neno jingine la kuombea maji, wala uji, wala kubebwa, amebakiwa na hili tu, na kwa hili anaomba vyote. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Edwin alikuwa analia naye. Debora akamponyoka, Gaudiosa akasikia miguu midogo ikija sakafuni, na viganja viwili vya moto vikampiga mgongoni, mama, mama, vikamvuta kanga upande wa kulia, na wakati huohuo, akiwa bado anavihisi viganja vile viwili, viganja vingine viwili vya baridi, vidogo vilevile, vikaanza kumvuta upande wa kushoto, mama, mama, na sauti zote mbili zilikuwa moja, zimekauka namna moja, na yeye angegeuka kidogo tu, nusu ya shingo tu, angejua yupi ni wake.

Hakugeuka.

Mwanga dirishani ukawa mwekundu, halafu wa kijivu. Viganja vya moto vilichoka vikaacha. Vya baridi viliendelea kidogo, navyo vikaacha. Kisha karibu kabisa na sikio lake, ile sauti ya kikongwe, sasa nyonge kama ya mtu aliyeshushwa cheo, ikasema:

"Shikamoo, mama."

Jibu lilimfika Gaudiosa kwenye ulimi. Miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuiacha salamu ikaanguka chini. Akaing'ata kanga mpaka fizi zikatoa damu, nayo salamu ikaanguka.

Mlango ukafunguka wenyewe, ukajifunga. Kuku wakatoka chini ya meza.

"Basi," Sayi akasema. "Geuka umchukue mwanao."

Debora alikuwa amelala sakafuni nyuma yake, ngumi moja imeshika pindo la kanga. Kwenye simu hapakuwa na kimstari wala ule mstari usio na jina. Sayi aliitia simu kwenye koti akaondoka nayo, na alikataa hata chai.

Asubuhi mtoto alikinyooshea kidole kikombe. "Maji," akasema. Edwin alikimbia mpaka kwa Bertila bila viatu kumwambia. Kufikia Jumapili yalirudi uji, kuku, nyau, baba, bai, atu, na pana, pana, pana nyumba nzima, na Bertila akaleta maharage tena, yaliyomenywa.

Debora sasa yuko darasa la kwanza. Ni mwongeaji, mwalimu wake analalamika. Baba yake yeye humwita baba, Bertila humwita shangazi. Mama yake humwita Gaudiosa.