Krotoni ya Mzee Manase

Shemeji yangu Anselm, Mungu amrehemu ingawa sidhani kama anastahili, alikuwa katibu wa kijiji karibu na Kinampanda mwaka ule wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu kwa nguvu kwenye vijiji vipya. Nilikaa kwake miezi minane, nikimsaidia dada yangu Cecilia aliyekuwa amejifungua. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Niliyaona.

Anselm alikuwa mtu mdogo mwenye sauti kubwa. Viatu vyake alivipigilia vipande vya chuma kisiginoni ili watu wamsikie akija. Aliwapakia wanakijiji kwenye lori pamoja na vyungu na kuku wao, na walioomba dakika kumi wakaage makaburi aliwanyima. Kwetu ukihama humwachi aliyelala pale bila neno. Unamwambia, tunaondoka, tunakwenda mahali fulani. Anselm alicheka. "Wote kijijini," alisema. "Hakuna wa kubaki nyuma."

Kisha akasikia wageni wa mkoa watakuja kukagua, na katibu atakayewapendeza atapandishwa cheo kwenda wilayani. Mwenye akili angechimbisha kisima cha karibu. Anselm alitaka maua.

Alikwenda kwenye mahame ya mzee Manase, marehemu aliyewahi kutunza bustani ya misheni. Juu ya kaburi lake mjane wake, Bibi Anastazia, alikuwa amepanda krotoni, kile kichaka cha majani mekundu na ya manjano kisichopukutika mwaka mzima. Anselm alikichimbua na udongo wake, akakipanda uani chini ya mwarobaini. Nimsifu kwa moja tu: kivuli alikijua. Jua kidogo la asubuhi, la mchana hapana, lisibabue majani. Samadi ya mbuzi. Ndoo mbili kila siku, huku wanawake waliotembea saa nzima kufuata maji hayo kisima cha mbali wakitazama yakimwagwa. Kila jani alilifuta kwa kitambaa. Mwanawe mwenyewe, Alute, sikuwahi kumwona akimfuta kamasi.

Krotoni ikihamishwa hupukutisha majani. Ile haikudondosha hata moja.

"Huo ni mkono wangu, shemeji," alijigamba.

"Mkono wako haujui hata kushika jembe," nilimjibu.

Bibi Anastazia alikuja siku ya tatu. Bwana mkubwa Anselm hakumpa hata shikamoo. Bibi alikitazama kichaka, akaniinamia sikioni.

"Amemleta mzee bila kumwambia," alinong'ona. "Mwambie amrudishe kabla hajapazoea."

Nilimwambia. Akaniita mshamba, yeye aliyekulia kwenye zizi la baba yake.

Kesho yake asubuhi mtungi wa mlangoni ulikuwa mtupu. Dada akaujaza. Asubuhi iliyofuata, mtupu tena. Anselm akatukana wezi. Mimi nilitazama chini. Kutoka kichakani hadi mlangoni palikuwa na unyayo wa mguu wa kulia, na kando yake mstari wa kitu kilichoburutwa. Unyayo, mstari. Unyayo, mstari. Nyayo za kurudi hazikuwepo.

Mzee Manase aliburuta mguu wa kushoto tangu alipoangukiwa na mti. Kila mtu alijua. Anselm pia. Alichukua ufagio, akafagia uani mwenyewe, haraka. Katibu na ufagio! Nilicheka, mpaka nilipoona anaanzia kwenye ule mstari.

"Baba Alute, kirudishe," dada alimnong'oneza. "Leo."

"Baada ya ukaguzi."

Wageni walifika mchana. Walikisifia kichaka. Mkubwa wao akamwita Anselm apokee pongezi. Anselm alipiga hatua ya mguu wa kulia. Wa kushoto ulikataa. Akauvuta. Ukafuata ukiburutwa, ukichora mstari kwenye uwanja uliofagiwa.

"Umeumia, katibu?"

Anselm alisogea pembeni, kama anayempisha mtu mlangoni. Hatukumwona mtu.

Cheo hakukipata. Jioni ile tulimwita Bibi Anastazia aje akirudishe kichaka kaburini. Alikigusa, akatikisa kichwa. "Ameshapazoea," alisema. "Hapa ndipo kwake sasa." Tukahama sisi. Anselm alifia Itigi miaka mitano baadaye, bado akiburuta mguu. Kwenye kaburi lake dada alitukataza kupanda chochote, na mimi sikumbembeleza.

Baada ya kifo chake nilikuja kupita pale kijijini tulipohama, mwezi wa kumi wa mwaka mmoja wa ukame. Nyumba imeanguka. Mwarobaini umekauka. Krotoni inang'aa, kila jani limefutwa vumbi, na udongo chini yake umelowa. Niliwauliza majirani nani anaimwagilia. Walininyoshea kidole njia ya kisimani.

Kwenye vumbi, kutoka njia ya kisimani, palikuwa na nyayo za watu wawili wanaofuatana. Wa mbele alikuwa peku, akiburuta mguu wa kushoto. Wa nyuma naye aliburuta wa kushoto, ila alivaa kiatu chenye chuma kisiginoni. Kando ya nyayo zake, njia nzima, matone ya maji yalikuwa hayajakauka.