Sura Iliyokwaruzwa Kwenye Kadi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eufrazia na Nimpaye walichota maji, wakafagia uwanja, kisha wakamenya ndizi za mchana. Nimpaye alikuwa mwepesi wa mikono. Alimaliza fungu lake, akamsaidia na Eufrazia. "Mtazame mwenzako!" Mama alisema, na kila aliposema hivyo Eufrazia aliwageuzia mgongo.

Nimpaye alikimbia vita vya Burundi akiwa hana baba wala mama. Mzee Kazimili, baba yake Eufrazia, aliomba ruhusa akamtoa katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, akamleta kwake, huku huku Ngara. Tangu siku hiyo Eufrazia, aliyezoea kuwa binti pekee, aligawana naye mkeka, blanketi, hata mapenzi ya Mama. Hakumpenda hata chembe, na ukweli ni kwamba hakujaribu.

Mwaka huo bei ya kahawa ilianguka vibaya. Eufrazia alikuwa ameahidiwa sweta la shule. Kumbe Mzee Kazimili alichukua fedha ya sweta akajiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, ili watu wote wa nyumba yake watibiwe zahanati mwaka mzima. Picha ya familia ikabandikwa kwenye kadi. Nimpaye alisimama katikati, mkono wa Mama begani mwake. Eufrazia alikuwa pembeni kabisa, sikio moja limekatwa na ukingo wa picha.

"Sweta langu limemezwa na huyu mkimbizi!" alisema peke yake, macho yamemwiva. Jumapili, wazazi walipobaki kanisani kwa kikao, alichukua wembe akaikwaruza sura ya Nimpaye mpaka likabaki doa jeupe. Alitegemea roho itatulia. Haikutulia.

Wiki iliyofuata Nimpaye alishikwa na homa. Siku ya tatu alianguka jikoni, akawa anaweweseka kwa Kirundi. Baba alikuwa mnadani, na nyumbani hapakuwa na senti. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, Eufrazia nyuma na kadi mkononi.

"Shikamoo, nesi," Eufrazia alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Nesi Priscila aliigeuza kadi, akakunja uso. "Mama, hapa kuna mtu amefutwa. Kadi iliyochezewa nimekatazwa kuipokea. Na huyu mtoto simwoni kwenye picha. Namsikia anaweweseka Kirundi; kama ni mkimbizi, mpeleke kambini."

"Kambini ni mwendo wa saa tatu! Atafika huyu?" Mama aliipokea kadi, akaitazama. "Yesu wangu! Nani kafanya hivi?"

Eufrazia alimtazama Nimpaye. Mara ngapi alikuwa ameomba msichana huyu aondoke? Sasa alikuwa anaondoka kweli, kichwa kimelegea begani kwa Mama.

"Ni mimi!" alilia. "Nilimkwaruza kwa wembe. Huyo aliyefutwa ndiye huyu, nesi, anaishi kwetu. Nilimwonea wivu. Mtibu, tafadhali, mimi nipigeni tu."

Nesi Priscila alimkazia macho, kisha akavuta kitanda. "Mlaze hapa, Mama. Na wewe, kesho utakwenda na baba yako kwa mtendaji wa kata, uyaseme haya haya kwa kinywa chako."

Alikwenda kweli, akasema yote mbele ya watu huku machozi yakimtoka, na wakaahidiwa kadi nyingine. Waliporudi zahanati, Nimpaye alikuwa ameketi kando ya Mama, anakunywa uji.

"Nisamehe," Eufrazia alisema. "Niliikwaruza picha yako."

"Najua. Niliiona siku ile ile."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Mkigombana, atakayerudishwa kambini ni nani?" Nimpaye aliinamia kikombe. "Hata homa ilipoanza nilinyamaza. Nilijua kadi hainitaki tena."

Eufrazia aliketi ukingoni mwa kitanda. Mama alimshika mkono, bila kumkaripia.

"Umesikia, mwanangu? Tulichanga tukiwa wazima kwa sababu hakuna aliyejua nani ataugua. Angeweza kuwa wewe. Wivu ulikwambia huyu anakula fungu lako, ukauamini, na mwenzako akaona heri afe kimya kuliko kutuomba dawa. Siku nyingine ukiona wivu, njoo uniambie mimi kabla hujashika wembe."