Shali ya Mtoto Stara

Kila alipotoka shule, Kimbelembele alivua sare, akanawa mikono, kisha akaketi karibu na bibi yake kumtungia uzi kwenye sindano. Bibi alikuwa mshonaji maisha yake yote, lakini sasa macho yalikuwa yamefifia. Yeye ndiye aliyempa mjukuu wake jina hilo la utani, kwa sababu hapakuwa na jambo nyumbani ambalo hakulitia mkono.

Siku hizo bibi alikuwa akishona shali ya mtoto mchanga, mdogo wake Kimbelembele. Kwenye pindo alikuwa amedarizi jina alilopewa mtoto, la marehemu mama yake bibi: STARA.

"Bibi, siku hizi watu wanaandika Starrah," Kimbelembele alisema. "Hilo lako la kizamani. Atachekwa shuleni."

"Wacha wacheke, watachoka wenyewe. Tunga uzi, mjukuu wangu."

Wiki hiyohiyo bibi alizidiwa na kifua, akalazwa hospitali. Kimbelembele alichukua mkasi, akafumua herufi zote, akaanza kudarizi jina la kisasa. Kazi ilimshinda. Uzi ulijifunga mafundo, herufi zikapinda, naye akaisukuma shali chini ya godoro.

Alipokwenda hospitali, bibi alimshika mkono.

"Niletee ile shali niipapase. Macho yamegoma, lakini vidole bado vinaona."

"Imefuliwa, bibi," alidanganya. "Haijakauka."

"Haya, kesho."

Kesho yake alisema shali imenyeshewa. Bibi hakuiulizia tena. Alfajiri iliyofuata, bibi alifariki dunia.

Kimbelembele hakuweza kula wala kulala. Baada ya mazishi alimpelekea mama yake ile shali, akamweleza yote huku akilia kwa kwikwi. Mama naye alilia. Kisha alifuta machozi, akafumua mafundo yale na kuitandaza shali dirishani penye mwanga.

"Tazama," alisema. "Matundu ya sindano ya bibi yako bado yapo."

Walishona wakiyafuata matundu hayo, moja baada ya jingine. Herufi zilirudi pole pole mahali pake.

"Mwanangu," mama alisema, "jina tungebishania, tukacheka, yakaisha. Kilichoniuma ni uongo. Ungemwambia bibi ukweli, angekugombeza kidogo, halafu angekwambia utunge uzi. Mngeishona pamoja palepale kitandani, na angeipapasa. Ukikosa, kiri mapema, wakati yule wa kumwomba radhi bado yupo."

Ilibaki herufi moja, na uzi ulikuwa umekwisha. Kimbelembele alikata mwingine, akautunga kwenye sindano kama alivyozoea, akageuka upande aliokuwa akikaa bibi. Kiti kilikuwa kitupu. Akampa mama sindano, wakamalizia.