Niendeshe?

Yadi ya magari yaliyotumika ilikuwa imejaa pomoni Jumamosi ile asubuhi. Wanunuzi walikuwa wakipiga matairi mateke, madalali wakila viapo ambavyo hakuna aliyewaomba, na katikati ya purukushani hiyo alisimama msichana aliyevaa gauni refu la rangi ya majani makavu, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa mpimaji wa masikio katika kliniki ya mtaa wa pili. Siku tano za wiki alishinda kwenye chumba kisichopitisha sauti, akiwachezea wagonjwa milio midogo na kuwaomba wanyooshe kidole wakiisikia. Alikuja kutafuta gari dogo, rahisi, lililotulia, la kumpeleka kazini na kumpeleka mama yake sokoni.

Badala yake macho yake yakanasa kijigari chekundu kilichopauka, cha miaka ishirini na ushei, kifupi nyuma kama kuku aliyenyofolewa mkia. Kilikuwa kimeshushwa mpaka kinakaribia kulamba lami. Ndani kilitiwa siti za mashindano, kwenye injini kikafungwa turbo ya kuongeza kasi, na bomba lake la moshi lilikuwa pana hata ngumi ingeingia. Injini ilikuwa ikinguruma. Kando yake kijana mrefu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti na kufumba macho kama anayempima mtoto homa.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenye gari. Pale yadi walimwita Sikio, kwa sababu miaka mingi alikuwa akitambua ubovu wa injini kwa kuisikiliza tu, kabla hata hajashika spana.

Msichana alimgusa bega, akamwuliza mbona bei iko chini namna ile, gari lina ugonjwa gani.

Sikio aligeuka akamtazama mdomo. Si macho wala gauni. Mdomo, na kwa utulivu kiasi kwamba msichana alisahau alichouliza.

"Halina ugonjwa, dada," alisema. "Lina kelele tu. Watu wazima hawalitaki, na vijana wanaolitaka hawana hela."

"Na wewe?"

"Mimi sina raha nalo tena."

Walilizungusha mtaani. Kila Sikio alipokanyaga mafuta, bomba lilibweka, watu wakageuka, na msichana ambaye hakuwahi kupaza sauti maishani mwake akajikuta anacheka mpaka machozi. Alikuwa amechoka na kimya, na hakujua kwamba amechoka nacho. Alilinunua siku hiyohiyo.

Mama yake alitoka barazani akiwa bado na mwiko mkononi. Alilizunguka gari mara mbili, akauliza kama limekunywa dawa ya kifua, kisha akalibatiza jina la Kikohozi. Akaongeza kuwa hataingia humo hata kwa mtutu wa bunduki. Wiki iliyofuata aliingia, akakaa kwenye siti ya mashindano na kikapu chake cha nyanya, akawapungia majirani.

Klachi ya Kikohozi ilikuwa ngumu na msichana alikuwa mwoga, hivyo Sikio akawa anakuja jioni baada ya kazi kumfundisha. Alimshika mkono akauweka juu ya gia. "Usilisikilize kwa sikio, Daktari," alimwambia. "Lisikilize kwa mkono." Msichana alimweleza mara mia kwamba yeye si daktari, ni mpimaji, naye mara mia akaitikia, "Sawa, Daktari." Mkono ulikawia juu ya gia hata gari likiwa limezimwa.

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani, msichana alimpigia simu. Ilianza kwa woga wa kweli ikaishia kuwa mchezo wao.

"Niendeshe?"

"Usiogope, mpenzi. Njia nyeupe."

Hayo tu, kisha Sikio hukata. Kwenye simu alikuwa mkavu kama karani wa benki, na msichana alimtania hivyo. Sikio alipenda ujumbe wa maandishi, au wakae uso kwa uso. Hapo alikuwa mtu mwingine kabisa, mwenye mizaha na maneno matamu, macho yasibanduke kwenye midomo ya msichana. Msichana hakuwahi kutazamwa hivyo. Usiku alijitazama kwenye kioo, akaigusa midomo ile kwa kidole, akajiuliza ina nini.

Miezi minane ikapita. Kisha kliniki ikampa barua. Walitaka akafungue kitengo cha masikio katika jiji la mbali, mkataba wa miaka mitatu. Alitembea na barua hiyo mkobani siku mbili. Kila alipokaa mbele ya Sikio, aliona haya kuitoa, kwa sababu alichotaka si ushauri. Alitaka aambiwe asiende. Aambiwe neno hilo moja tu, naye angeichana barua papo hapo.

Siku ya tatu asubuhi alikaa ndani ya Kikohozi, injini ikiwaka, akapiga simu. Kwa kuwa hakuwa akiuona uso wake, alipata ujasiri. Alimweleza yote kwa pumzi moja, barua, jiji, miaka mitatu. Alimweleza pia kwamba anampenda, jambo ambalo hakuwahi kulitamka. Gari lilitetemeka chini yake.

"Sasa niambie wewe," alimalizia. "Niende?"



"Usiogope, mpenzi. Njia nyeupe."

Simu ikakatwa.

Alikaa pale mpaka mama yake akaja kugonga kioo. Aliyatafuna maneno yale siku nzima na kila alipoyageuza yalikuwa na ladha ileile. Angeweza kumfuata amwulize tena. Lakini ni mwanamke gani anauliza mara mbili kama anapendwa? Siku tatu baadaye, saa ambayo alijua Sikio amekwenda kufuata vipuri, aliliegesha gari mbele ya yadi, akamwachia mlinzi ufunguo, akapanda basi.

Jioni alipata ujumbe mfupi. Gari nimeliona. Asante.

Akajibu: Asante na wewe.

Basi hivyo ndivyo walivyoachana, watu wawili wenye heshima, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme zaidi.

Aliporudi kumsalimu mama yake, miezi kumi na minne ilikuwa imekwisha, na kidoleni alikuwa na pete. Mwalimu mmoja wa jiji lile, mtu mpole, wa maneno machache yaliyonyooka, alikuwa amemchumbia. Mama aliishika ile pete, akaigeuza kwenye mwanga, akasema ni nzuri. Baadaye kidogo, akimenya viazi bila kuinua uso, akasema kwamba Kikohozi kinauzwa tena.

Alijiambia anakwenda kulitazama gari tu.

Lilikuwa palepale, kipande cha boksi kimebandikwa kiooni: LINAUZWA. Injini ilikuwa ikiwaka. Sikio alikuwa amempa mgongo, kiganja juu ya boneti. Amekonda.

"Sikio," aliita.

Hakugeuka. Aliita tena, karibu zaidi, na mara ya tatu kwa sauti ambayo mtu wa kuvuka barabara angeisikia. Nyuma yao lori likapiga honi ya kupasua anga. Wanunuzi wote wakaruka. Sikio hakutikisika hata ukope.

Mpimaji wa masikio alisimama pale akaanza kuhesabu dalili. Kiganja kwenye boneti. Simu za maneno manne. Ujumbe wa maandishi. Na macho yale, macho yale juu ya midomo yake, kila jioni kwa miezi minane. Watu wangapi walikwishaketi mbele yake kliniki wakimtazama mdomo kwa namna hiyohiyo, naye akaandika kwenye fomu, bila kusita, anasoma midomo?

Akazunguka akasimama mbele yake. Sikio alishtuka, akakawia kutabasamu, kisha macho yakashuka mahali pake pa zamani.

"Tangu lini?" alimwuliza polepole.

Hakujifanya haelewi. "Kabla yako," alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza kipimo, ikapanda mno. "Kila mwaka nililiongezea bomba lisikike, na kila mwaka likazidi kuwa mbali. Siku nilipokuuzia, nilikuwa nimechoka kulitafuta. Ningemwambia nani? Jina langu ni Sikio." Akafuta boneti palipokuwa safi. "Halafu na wewe ukaondoka bila neno."

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza."

"Kwenye simu. Nilikuambia kila kitu, nikakuuliza niende. Ukasema njia nyeupe."

Msichana aliyaona maneno yakimwingia moja baada ya jingine.

"Gari lilikuwa linawaka?" aliuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Nilipata mwisho tu. Nilidhani umesema niendeshe."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu wanaotafuta pa kushika, na kilikoma kwa wote wawili pamoja. Msichana akaanza kuzungumza haraka, kwamba aje kliniki, atampima mwenyewe, vipo vifaa. Sikio akatikisa kichwa. Alikwisha kupimwa kwingine. La kushoto lilikuwa limekufa kabisa, la kulia lilikuwa likimalizikia. "Na sitaki kuwa mgonjwa wako," alisema. "Nilikuwa mtu wako."

Hapo akaiona pete. Aliitazama kama alivyokuwa akizitazama injini, kwa makini na bila lawama, akauliza kama ni mtu mwema. Msichana hakuweza kudanganya. Alisema ndiyo.

Kisha akafanya jambo ambalo haya zake zisingemruhusu siku nyingine yoyote. Mbele ya madalali na wanunuzi, aliubandua mkono wa Sikio kutoka kwenye boneti, mkono wenye mafuta meusi kwenye mistari ya kiganja, akauweka kooni mwake. Aliufungua mdomo taratibu, akaikamilisha kila silabi, ili pasiwe na jicho litakaloichanganya na neno jingine.

"Niende?"

Pete aliishika kwa mkono wa pili, tayari kuivua.

Sikio alihisi neno likitetemeka chini ya vidole vyake. Aliitazama midomo ile muda mrefu, kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akainua macho akamtazama machoni.

"Usiogope," alisema. "Njia nyeupe."

Neno moja la mchezo wao, lile la mpenzi, hakulitia. Ndipo msichana alipojua kwamba safari hii amesikia.